Kuku hawa wakimbilie wapi? Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi

Mheshimiwa Waziri,

Kamwene. Nakuandikia kutoka Mafinga. Juni imeingia na baridi yake, na nina hofu, maana najua majirani zangu wanafanya nini wiki hii: wanaziba mabanda ya kuku kwa maturubai.

Nami nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza wa kufuga kuku wa mayai. Nilikuwa nao 200 katika vyumba viwili. Baridi ilipokaza nikawakusanya wote chumba kimoja, mita nne kwa nne, wapashane joto. Nikaziba madirisha mpaka juu, nikawasha balbu kubwa usiku kucha. Maranda hapa kwetu kwenye mashine za mbao si shida kupata, ila sikuyabadilisha kwa sababu yalikuwa yameshika joto. Siku ya nne nikakuta kuku ametobolewa nyuma, utumbo uko nje, wenzake wanaugombania. Mwezi ulipokwisha nilikuwa nimezika 31.

Jirani akasema nimerogwa. Aliyeniuzia vifaranga akasema ni mbegu yenye hasira, niwauze upesi nichukue wengine. Mwingine akaja na kisu cha moto anikatie kuku midomo. Hakuna aliyeniuliza banda lina ukubwa gani.

Aliyeuliza ni mama mmoja mfugaji kutoka Ifunda. Alifungua mlango, harufu ikamchoma macho, akarudi nyuma hatua mbili. "Mwanangu," akasema, "anayedonolewa humu akimbilie wapi?"

Ndipo akanifundisha. Kuku anapotaga, nyama ya ndani hutokeza kidogo, nyekundu, kisha hurudi. Akiwa kwenye kiota chenye giza, hakuna anayeiona. Akitaga sakafuni chini ya balbu kali, wa karibu anaidonoa; damu ikitoka wanakuja wote, na wakishazoea kuwaachisha ni kazi. Mita moja ya mraba huwatosha kuku wa mayai 5 au 6. Wangu walikuwa zaidi ya 12. Viota vilibaki chumba kile nilichokifunga. Na chakula kilikuwa karibu pumba tupu: dagaa nilipunguza kwa sababu ya bei, chumvi sikutia kabisa.

Hiyo chumvi isidharauliwe, Mheshimiwa. Marekani kuna mdudu wa ukoo mmoja na senene, asiyeweza kuruka, anayetembea kwa makundi makubwa mno. Watafiti walionyesha mwaka 2006 kwamba wanachokitafuta njiani ni protini na chumvi, na kwamba anayesimama huliwa na wa nyuma yake, kwa kuwa mwili wa mwenzake ndio protini na chumvi iliyo karibu kuliko zote. Niliposoma habari hiyo niliwakumbuka kuku wangu 31.

Wala si kuku tu. Kijiji cha jirani, nguruwe aliyezaa kwa mara ya kwanza alikula watoto wake watatu. Mwenyewe akamchinja siku hiyo hiyo, akiamini ana mkosi. Alikuwa amezalia kwenye banda la kelele, watu wanachungulia tangu asubuhi, maji hana.

Maafisa ugani wetu tunawashukuru kwa chanjo ya kideri. Lakini kwa kudonoana hakuna chanjo. Naomba waagizwe wapite Mei, kabla ya baridi, wakiwa na futi kamba ya kupimia mabanda, na redio zetu za huku zitangaze mambo haya kipindi hicho hicho. Naomba pia kila anayeuza vifaranga alazimike kumpa mnunuzi karatasi ya Kiswahili inayotaja nafasi, mwanga, viota, hewa na chakula. Nilipopewa boksi langu niliambiwa bei tu.

Mimi niliwarudisha kuku vyumba viwili na kuwatenga wenye majeraha. Balbu nikaweka nyekundu hafifu, nikaning'iniza majani ya kabichi wapate cha kudonoa, nikarudisha dagaa na chumvi. Baada ya wiki mbili sikuzika tena.

Ukipenda kumtuma afisa, banda langu litumike kufundishia. Lina vyumba vitatu sasa. Turubai lipo kwa chini tu; juu madirisha yako wazi, hata usiku huu wa baridi.

Wako mtiifu,
Mfugaji wa kuku, Mafinga