Chaja ipimwe kabla ya kioo kubadilishwa

Mhariri,

Simu ikianza kujibonyeza yenyewe, mteja huambiwa papo hapo kwamba kioo kimekufa. Hakuna kilichopimwa. Analipia kioo kizima, anarudi nyumbani, anachomeka chaja ileile, na simu inacharuka upya.

Kioo cha simu za kisasa hakisubiri kukandamizwa. Chini yake kuna nyuzi za oksidi ya indiamu na bati, nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, zilizopangwa wima na mlalo. Zinapokutana hubeba chaji kidogo ya umeme. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, kwa hiyo kidole kikisogea hapo kiasi cha chaji hubadilika, na chipu inayokagua makutano yote mara nyingi kwa sekunde hujua umegusa wapi. Ndiyo maana ncha ya ukucha haifanyi kitu, ilhali tone la jasho linaweza kuhesabiwa kuwa kidole. Mashine nyingi za zamani za malipo ni tofauti: tabaka mbili hugusana zinapokandamizwa, hivyo hata kalamu inafaa.

Chaja duni, isiyochuja umeme ipasavyo, huvuruga vipimo hivyo vidogo. Chipu huona vidole ambavyo havipo. Dalili yake haifichiki: simu inahangaika ikiwa kwenye umeme, ukichomoa inatulia. Ijaribu kwa pawabenki. Ikitulia, tupa chaja, kioo ni kizima.

Ikiendelea hata bila chaja, futa kioo kwa kitambaa kikavu, bandua protekta, zima simu na uiwashe. Kisha shikilia alama ya programu moja uiburute polepole kutoka ukingo hadi ukingo, ukishuka kidogo kila mara mpaka umalize skrini yote. Ikiponyoka daima kwenye mstari uleule ulionyooka, uzi umekatika au kiunganishi cha kioo kimelegea. Fundi afungue, akibane upya kiunganishi, ajaribu tena, ndipo aagize kioo. Na kioo kikiwa kimeinuka ukingoni, huenda betri imevimba na inakisukuma kutoka chini. Simu hiyo isichajiwe tena hadi betri itolewe.

Tunaomba mafundi wenzetu wawe na chaja moja ya uhakika mezani, na wapime mbele ya mteja kabla ya kumtajia bei.

Mafundi simu,
Morogoro