Picha ya baba irudi sebuleni

Bradford, Uingereza, Jumapili jioni

Mdogo wangu mpendwa,

Mbukwenyi nyote hapo Nkuhungu, Dodoma. Mama mpe shikamoo yangu, na umwambie hela ya dawa nimeituma juzi. Watoto wasalimie sana. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku imeanza mapema.

Picha za sebule nimezipata. Jipsamu imetoka vizuri, na rangi ile inapumzisha macho. Nilizitazama moja moja kwa furaha mpaka nikafika ya mwisho, ule ukuta wa mkabala na mlango. Picha zote hazipo. Nimebaki mimi peke yangu kwenye fremu ya dhahabu, nimeegemea gari. Halafu chini yake ukaniandikia: "Zile nyingine nimezitungua dada, zinatufanya tuonekane watu wa uswahilini."

Nakuelewa. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapo mwaka 2016 mtaa umejaa watumishi, nao wakiingia ndani ya mtu macho yao huanzia ukutani. Ila neno lako limenikaa moyoni siku nne sasa, na leo nimepata nafasi ya kulijibu.

Kazi yangu ya kuhudumia wazee inanipeleka nyumba sita hadi saba kwa zamu moja. Nyumba zile za mawe zilizobanana, ambako waliishi wafanyakazi wa viwanda vya sufu, kuta zake zimejaa watu: wajukuu na sare za shule, maharusi, marehemu. Ukienda nje ya mji kwenye nyumba kubwa, sebuleni unakuta mchoro wa milima au farasi. Picha za familia ni chache, ndogo, kwenye fremu za fedha juu ya piano; nyingine ziko chumbani. Kuna nyumba moja nilikuta picha ya mtoto wa mwenye nyumba, amevaa joho la chuo, imetundikwa msalani. Nilishtuka. Bibi mwenyewe akanieleza kwamba kwa watu wa aina yake, kuweka mambo ya namna hiyo mbele ya wageni ni kujionyesha. Yakiwekwa msalani, mgeni atayaona tu, na wewe hukuringa.

Kwa hiyo na huku wanapimana kwa kuta, tena sana. Na hiyo sheria ya sebule ya kishua, ya ukuta usio na ndugu, mwanzo wake ni watu ambao babu zao walichorwa kwa rangi za mafuta karne nyingi kabla ya upigaji picha kutangazwa Paris mwaka 1839. Wakati huo maskini alikufa na sura yake. Ilipofika 1900 kampuni ya Kodak ikatoa kamera iitwayo Brownie kwa dola moja, na mtu wa kawaida naye akaanza kuwa na uso ukutani. Mimi naona ndipo wakubwa walipoanza kuziona picha za ukutani kuwa mambo ya watu wadogo. Sisi tunaigaje sheria hiyo, wakati picha zenyewe hatujazimiliki hata vizazi vitatu?

Unakumbuka tembe ya bibi kule Mvumi? Ukutani hapakuwa na kitu. Picha yake moja tu ilikaa sandukuni, imefungwa kwenye khanga, na mgeni alionyeshwa akishakula na kunawa. Bibi aliishika kwa ncha za vidole. Ukuta wa kwanza wa ukoo wetu uliokubali msumari ni huo wa baba, wa matofali ya kuchoma. Mwalimu Nyerere katikati, baba chini yake, sisi pembeni.

Sisemi ukuta ule ulikuwa wa haki. Na sisi tulikuwa na vyeo vyetu: mwenye joho juu, mwenye cheti cha kidato cha nne chini yake. Kaka yetu, mtoto wa baba mkubwa, hakumaliza shule, na hakuwahi kupata fremu. Ndiye aliyembeba baba mgongoni kumpeleka msalani miezi yote ya ugonjwa. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mimi mwenyewe nilipanga zile picha na sikumfikiria.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Gari lile si langu. Lilikuwa limeegeshwa mtaani, ulikuwa mwezi wangu wa pili huku, nikamwomba mwenzangu anipige picha. Nilitaka mama alale usingizi. Hamkuniuliza, nami nikanyamaza. Mjomba aliponiomba ada ya mwanawe nikashindwa, aliamini nimemnyima, na haki yake, maana kila akija hapo ananiona na gari.

Kuna studio ya zamani hapa Bradford, Belle Vue, barabara ya Manningham Lane, ilifungwa 1975. Maelfu ya negativu zake za kioo zimehifadhiwa. Wageni waliokuja kufanya kazi viwandani kutoka Pakistani, India na visiwa vya Karibi walipigwa picha pale ili wazipeleke kwao. Wamevaa suti, kalamu zimepangwa mfuko wa kifuani, mkono umewekwa ili saa ionekane. Nilizitazama nikalia. Nilijua jinsi mtu anavyosimama akimfikiria mama yake.

Lakini baba hakusimama hivyo. Kwenye picha yake ya gengi la reli ameshika nyundo, kaptula ina kiraka, nyuma imeandikwa "Dodoma 1978" kwa mkono wake. Najua tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika hapo, na wageni wako wanakuja nayo. Baba alikaza misumari ya ile reli nyingine miaka yote tuliyosoma. Ndiyo picha pekee pale ambayo hakuna alichoazima.

Nakuomba, mdogo wangu, mimi nitungue. Ukitaka nibaki, nitakutumia nyingine nikiwa na sare ya kazi. Baba mrudishe pale pale mkabala na mlango. Kioo chake kimepasuka pembeni, kipeleke kwa fundi vioo karibu na Soko la Majengo, nitalipa. Na kaka umwambie avae shati analolipenda, mpige picha mchana nje, kwenye mwanga mzuri, uisafishe kwa ukubwa uleule wa baba.

Mama ameniambia jana kwamba picha umeziweka chini ya kitanda. Zitoe kesho, mchwa wa hapo unawajua.

Dada yako