Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mafundi wa Vyombo, Lamu: Kazi ya Kundi Ufuoni

Assalaamu alaykum wanachama wote, wazee wetu, mafundi na wanagenzi.

Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina. Taarifa hii inahusu jambo lililozua maneno mengi kuliko yote msimu wa kusi: jinsi tunavyofanya kazi kwa makundi. Kamati inaamini kundi ndilo nguvu yetu. Lakini kundi lisilopangwa huharibu chombo cha baharini ambacho fundi mmoja angekimaliza salama.

Bahari yenyewe haitupi hiari. Chombo kizito hupandishwa maji ya bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwa kuwa ndipo maji yanapojaa juu zaidi. Bamvu likipita, ni kungoja kama wiki 2. Na chombo kinacholazwa mchangani kwa kazi ndogo kina muda mfupi zaidi: maji hupwa kwa saa 6 na dakika chache, kisha huanza kurudi. Ndani ya muda huo kuna kukwangua mwani na vigamba, kung'oa pamba mbovu kwenye mianya ya mbao, kupiga kalafati, yaani kushindilia pamba mpya, na kupaka deheni, mafuta ya kuzuia maji yasipenye. Mtu mmoja hawezi. Kundi linaweza, likifuata maji yanavyoshuka: wa kukwangua hutangulia kwenye mbao za juu, wa pamba humfuata nyuma, na deheni huja mwisho, juu ya ubao uliokauka.

Hapo kwenye pamba ndipo penye madhara. Mafundi 2 wakiugawana mwanya mmoja, huyu akianzia omo, yaani mbele ya chombo, na yule tezi, yaani nyuma, mmoja husokota pamba nene na mwenzake nyembamba. Nene ikigongwa kwa nguvu, ubao unapolowa na kufura hauna pa kwenda, basi husukuma misumari. Nyembamba hutoka chombo kikianza kuchezwa na mawimbi. Aibu yote hujificha chini ya deheni mpaka chombo kinaposhushwa, na hapo kila mmoja humnyooshea mwenzake kidole. Kwa hiyo kamati inataka mwanya mmoja uwe wa fundi mmoja, kutoka omo hadi tezi, na jina lake liandikwe kwa chaki kwenye ubao wa juu. Deheni isipakwe kabla fundi mkuu hajaupitisha mkono na macho kila mwanya.

Kuhusu kuvuta chombo, wengi hudhani watu wakiongezeka nguvu huongezeka sawasawa. Sivyo. Mfaransa Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo, alipima watu wakivuta kamba, na mwaka 1913 akachapisha matokeo: watu 8 wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu anayotoa akiwa peke yake. Sababu ni 2. Wavutaji hawavuti kwa mpigo mmoja, na kila mtu hulegea akijua kuna wenzake. La kwanza wazee wetu walilitatua zamani kwa nyimbo za kuvutia, na ni hasara kuziacha. Mwimbishaji awe mmoja, naye asishike kamba. La pili hutatuliwa kwa kumpa kila mtu nafasi yake inayoonekana.

Amri ya gadi, yaani miti inayokiegemeza chombo kisilale, iwe ya mtu mmoja pia. Gadi ikiondolewa upande mmoja kwa kelele za watu 3, chombo hulala juu ya watu.

Ukubwa wa kundi nao una hesabu yake. Watu 4 wana njia 6 za kuelewana au kukosana; watu 8 wana njia 28. Tunapendelea makundi ya watu 4 au 5 chini ya fundi mkuu mmoja, na chombo kikubwa kipewe makundi 2 yenye mipaka, si kundi moja la watu 10.

Faida nyingine mnazijua: vifaa huazimana, mgonjwa hushikiwa zamu, mwanagenzi hujifunza kwa kutazama.

Limebaki suala la ujira, ambalo ndilo gumu. Tukilipana kwa kutwa, mvivu hupata sawa na mchapakazi. Tukilipana kwa kipande, yaani kwa kila mwanya uliomalizika, mkono hukimbilia mwanya unaofuata na pamba haishindiliwi. Pendekezo la kamati ni ujira wa kutwa kwa kukwangua na kuvuta, na kipande kwa kalafati, sehemu yake ibaki kwa mweka hazina mpaka chombo kikae majini bamvu moja bila kuvuja. Kikivuja, chaki imeshasema ni mwanya wa nani. Arudie yeye, bila malipo mapya.

Mwandishi atafungua daftari la kila chombo kuanzia msimu ujao, na jina la fundi wa kila mwanya litahamishiwa humo kabla deheni haijazifunika mbao. Pendekezo la ujira litapigiwa kura leo, baada ya hesabu.