Barua ya wazi kwa wazazi mnaoachana: matunzo si kiingilio

Wanangu,

Sasa mimi ni bibi wa wajukuu watano, lakini barua hii inatoka kwa mwanamke wa zamani, aliyeachika akiwa na mtoto wa miaka 6 na hasira za kujaza nyumba.

Jumamosi moja mwanangu alikaa mlangoni tangu saa nane mchana, viatu miguuni, begi mapajani, akimsubiri baba yake. Ilipofika saa kumi nikamwambia, "Naona baba yako leo amesahau." Ulikuwa uongo. Asubuhi ile nilimpigia simu baba yake nikamwambia asikanyage kwangu mpaka alete hela ya matunzo ya miezi miwili niliyokuwa namdai. Mtoto hakulia. Alivua viatu, akavipanga ukutani, akaenda kulala jua halijazama.

Baba mtu akakimbilia mahakamani. Nami nikaenda na deni langu, nikijua nimeshika mpini. Hakimu alikiri kwamba nadai kweli, kisha akanionya kwamba kumzuia mtoto ni kukiuka amri ya mahakama, na anayekiuka amri anaweza kuadhibiwa hata kama yeye ndiye mdai. Nilitoka pale nimekasirika. Ilinichukua muda kuelewa.

Sheria za nchi nyingi zinayaweka haya mawili mbalimbali, matunzo na kumwona mtoto, kwa kuwa yote mawili ni ya mtoto, si ya mama wala ya baba. Mwenzako halipi? Omba mahakama ikazie amri yake. Penginepo mshahara hukatwa hukohuko kazini. Unanyimwa mtoto? Rudi mahakamani, na hela iendelee kwenda. Akina baba mnaosema "simwoni, silipi", mnamkomoa nani? Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ulioridhiwa na karibu nchi zote duniani, unasema katika ibara ya 9 kwamba mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale itakapokuwa kinyume na masilahi yake.

Hiyo "isipokuwa" ina uzito. Simwambii mtu ampeleke mtoto kwenye kipigo. Palipo na hatari, ondoka kwanza, toa taarifa, kisha wahi mahakamani uombe amri ya muda, hata ya kuonana mbele ya msimamizi. Na msikubali kusukumiwa kwenye usuluhishi kana kwamba kupigwa ni kutoelewana.

Kwa wengine, ugomvi mwingi unazaliwa na maneno malegevu. Amri yetu ya kwanza ilisema baba atamwona mtoto "kwa nyakati zinazofaa". Zinazomfaa nani? Tuligombana juu ya maneno hayo matatu mwaka mzima. Mnapoandika makubaliano, andikeni siku, saa, mahali pa kukabidhiana, nani anamfuata na nani anamrudisha, likizo zinagawanywaje, akiugua nani anaambiwa, ada inalipwa na nani na kabla ya tarehe gani. Mtaona aibu kuandika vitu vidogo hivyo. Andikeni tu, kisha myapeleke mahakamani yawe amri. Makubaliano ya mdomo hayakaziwi. Hali ikibadilika, mmoja akihama au mtoto akikua, amri ya malezi huweza kurekebishwa, kwa hiyo msiingie humo kama wanaocheza fainali.

Hela ya matunzo ipite benki au kwenye simu, ikiandikwa ni ya mwezi upi. Ya mkononi haina shahidi. Ujumbe wa usiku wenye matusi nao una maisha marefu, kwani nimeona mtu akisomewa wake mbele ya hakimu, na sauti yake ikapotea.

Kuhusu mikopo nasema kwa kifupi: kama mlisaini wote wawili, mnavyogawana madeni kwenye talaka kwa kawaida hakuifungi benki. Nendeni mkazungumze nayo.

Kusafiri ni jambo kubwa zaidi. Usimvushe mtoto mpaka bila ridhaa ya mwenzako mwenye haki ya malezi, wala ruhusa ya mahakama, hata kama unakwenda kwa mama yako mzazi. Kwa nchi zinazofungwa na Mkataba wa Hague wa mwaka 1980, unaohusu watoto wanaotoroshewa nchi nyingine, mtoto wa chini ya miaka 16 aliyetoroshwa hivyo kwa kawaida hurudishwa alikokuwa akiishi. Mahakama ya huko ulikokimbilia haiulizi nani mzazi bora; swali hilo linaachiwa mahakama ya nyumbani kwa mtoto, na utalijibu ukiwa tayari umeharibu jina lako.

Mtoto ana haki ya kusikilizwa, ila asiulizwe anampenda nani zaidi. Na asibebeshwe ujumbe wa hela.

Kuna wanaoniuliza kama mtoto huja kujua. Hujua. Wangu aliambiwa na baba yake akiwa na miaka 19, na alipokuja kwangu alikuwa na swali moja tu: siku ile, nilikuwa namwona pale mlangoni?

Nikamjibu kwamba nilikuwa namwona.

Ni mimi,
Bibi yenu