Shukrani kwa Mliotufariji Katika Msiba wa Babu Yetu, Mchimba Makaa

Familia ya marehemu babu yetu, mchimba makaa ya mawe mstaafu wa Kent, Uingereza, pamoja na wakwe zetu wa Mombasa, tunawashukuru nyote mliokuwa nasi tangu alipougua mapafu hadi tulipomzika. Kumtaja kila mmoja kwa jina hatuwezi.

Mliopiga simu kutoka Mombasa kuuliza mbona maziko yanachelewa, ahsanteni kwa subira. Uingereza, kifo kinachoshukiwa kuletwa na maradhi ya kazini, kama vumbi la makaa mapafuni, sharti kiripotiwe kwa afisa wa uchunguzi wa vifo kabla ya kuzika. Akitaka mwili upasuliwe, siku zinasogea. Ni usumbufu, lakini cheti kisipotaja vumbi, mjane atahangaika kudai fidia.

Wazee wa mgodini mliokuja na bendera ya chama cha wachimbaji mkabeba jeneza, Mungu awalipe. Babu hakuwahi kuvaa sare ya jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia; alipelekwa mgodini. Kuanzia Desemba 1943 Waziri wa Kazi, Ernest Bevin, aliendesha kura: tarakimu ilichomolewa kwenye kofia, na vijana ambao namba zao za usajili ziliishia na tarakimu hiyo wakapelekwa migodini badala ya jeshini. Mafunzo wiki 4, kofia ngumu, buti, basi. Mitaani walidhaniwa watoro wa vita. Beji ya serikali ya kuwatambua ilikuja 2008, wengi wao wakiwa wameshazikwa.

Kwa mzee aliyesimama kueleza mgomo wa Januari 1942, vita vikiendelea, kwenye mgodi wa Betteshanger wa huko Kent, shukrani za pekee, maana hadi leo wapo wanaowaita wale wachimbaji wasaliti. Walilipwa kwa tani. Sehemu mpya waliyopewa ilikuwa nyembamba na ngumu, na muda wa kuondoa mawe na kusimamisha nguzo hauzai tani hata moja. Posho ya kufidia muda huo ndiyo iliyogombaniwa. Migomo ilikuwa marufuku tangu 1940. Watu wapatao 1,000 walitozwa faini, viongozi 3 wa tawi la chama wakafungwa. Mgodi ukalala mpaka madai ya malipo yakakubaliwa, na wafungwa wakaachiliwa kabla ya muda wao. Miezi kadhaa baadaye, waliokuwa wamelipa faini ni 9 tu. Kuwafunga waliobaki isingewezekana: jela ya wilaya isingewatosha.

Rambirambi zilizobaki baada ya gharama za maziko tumewakabidhi vijana wa bendi ya matarumbeta, watengeneze ala zao.