Harambee ya Maalim: mbona tunaomba pesa za mara mbili

Assalaam alaykum majirani, wazazi, na nyinyi mliosomea kwa Maalim na sasa mko Nairobi, Dubai au Muscat.

Wengi mmeona kwamba Maalim haji tena madrasani alfajiri. Kuna waliosema ni husuda, kuna waliosema ni presha. Ana ugonjwa unaoitwa mpapatiko wa atiria: vyumba viwili vya juu vya moyo, badala ya kupiga, vinatapatapa kama samaki ndani ya tenga. Damu ikituama humo huganda, na donge likipanda ubongoni huwa kiharusi. Mwenye ugonjwa huu hatari yake ya kiharusi ni kama mara tano ya mwenzake. Ramadhani iliyopita, katikati ya tarawehe, alinyamaza, akashika ukuta. Sisi tuliokuwa safu ya mbele tulidhani amesahau aya. Maalim, asahau aya!

Dawa amekunywa. Amiodaroni ilimtuliza miezi kadhaa, kisha ikamvuruga tezi ya shingo, ikabidi aiache. Sasa daktari ameshauri ablesheni. Hapasuliwi kifua. Katheta, yaani mrija mwembamba, hupitishwa kwenye mshipa wa kinena mpaka moyoni. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba cheche zinazoanzisha vurugu hii mara nyingi hutoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Basi midomo ya mishipa hiyo huchomwa au hugandishwa pande zote, likabaki kovu ambalo umeme haulivuki.

Kwenye kikao cha kamati mzee mmoja aliuliza swali ambalo sote tulikuwa tunaliogopa: "Akishachomwa, ndiyo basi?"

La, si lazima iwe basi, na hatutaki mtoe pesa kwa kudhani hivyo. Madaktari wa Bordeaux waliwafuatilia wagonjwa 100 kwa miaka mitano, wakatoa matokeo mwaka 2011. Kwa kuchomwa mara moja tu, waliobaki bila ugonjwa kurudi walikuwa 29 kwa mia. Waliohitaji waliporudiwa kuchomwa, wakafika 63 kwa mia. Kovu hupona mahali, umeme ukapata upenyo. Vifaa vya sasa ni bora kuliko vya wakati ule, na baadhi ya wagonjwa wale ugonjwa wao ulikuwa umekomaa kuliko wa Maalim, ambao bado huja na kuondoka. Kumuwahi mapema kuna faida: utafiti mmoja ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, katika walioanza na ablesheni ya kugandisha, ugonjwa ulikuwa umekomaa kwa watu 1.9 kwa mia, dhidi ya 7.4 kwa mia ya walioanza na dawa.

Jengine la kusema wazi. Utafiti mkubwa wa CABANA wa mwaka 2019, wenye watu 2,204, haukuthibitisha kwamba ablesheni inapunguza vifo na viharusi kuliko dawa. Kilichoonekana ni kwamba waliofanyiwa waliishi kwa raha zaidi, na ugonjwa uliwarudia kwa uchache kuliko wale wa dawa. Hicho ndicho tunachomchangia Maalim: apande ngazi za msikiti bila kukaa katikati.

Kwa hivyo bajeti ina mafungu matatu: ablesheni ya kwanza, akiba ya kurudia, na dawa za kuzuia damu kuganda pamoja na vipimo vya baadaye. Makadirio ya hospitali tumeyabandika mlangoni mwa madrasa, kila mtu ayasome. Akiba isipohitajika, itamngoja mgonjwa mwengine wa mtaa huu. Haitaenda kwenye paa la madrasa. Tunajua linavuja, lakini hiyo ni harambee nyengine.

Na tafadhali: miezi mitatu ya kwanza moyo unaweza kurukaruka huku kidonda kikipona ndani. Msianze kunong'ona barazani kwamba pesa zimeliwa.

Tukutane Ijumaa baada ya Alasiri, uani kwa madrasa, Kibokoni. Kina mama watauza mahamri, viazi karai na kachri, na yote yataingia kwenye mfuko. Mweka hazina atakuwa na kitabu cha risiti. Idai yako hata ukitoa shilingi hamsini. Bahasha msimpelekee Maalim nyumbani. Atamlipia karo mtoto wa mtu.