Baba, nakwenda Kampala

Jinja, Uganda

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, ila mvua huku haikatiki. Shangazi amenifikishia ujumbe wako: "Mwambie asiache kiwanda, kiwanda hakihami." Nimeusoma mara tatu, pamba ikiwa bado kwenye kope.

Ngoja nikueleze hiyo pamba. Kwenye mashine za kusokota nyuzi vumbi halionekani mpaka jua la asubuhi lipenye dirishani. Hapo ndipo unapoona ulichokuwa ukivuta usiku kucha. Kelele nazo zinatufanya tuongee kwa vidole. Nikitoka zamu, muuza rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai, ndivyo wanavyoiita) hunicheka, maana namwagiza kwa sauti ya mtu anayegombana.

Sikatai, kiwanda kimenilea. Mshahara hauchelewi, ndio ulioninunulia kompyuta. Lakini sheria ya huku haikutetei: kima cha chini ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kimewekwa tangu 1984. Leo hiyo haitoshi nauli ya teksi, yaani daladala, kwenda Kampala na kurudi.

Huko Kampala kuna kampuni changa ya malipo kwa simu imeniita nikaandike programu, kazi niliyojifunza mchana badala ya kulala. Miezi mitatu ya majaribio, kwa pesa pungufu kuliko ya kiwandani. Rafiki yangu aliyetangulia kwenye kazi hizo kanionya. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima siku za uchaguzi, alikaa anaitazama kompyuta kama sanduku tupu. Sisi wa kiwandani hatukusimama hata zamu moja. Hilo linanitisha, sikufichi.

Unasema kiwanda hakihami. Baba, si wewe uliyekuwa kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge? Ulirudi mikono inawasha kwa maji ya mkonge, ukatuambia dunia haiwezi kuishi bila kamba. Zikaja kamba za plastiki, ukarudishwa nyumbani umepewa baiskeli badala ya kiinua mgongo. Ile baiskeli bado ipo?

Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko chini ya godoro. Naipeleka mwisho wa mwezi, nikishapokea mshahara.

Kwa miezi hiyo mitatu ya majaribio nitatuma nusu. Mwambie Mama mapema, wewe ndiye unayejua kumwambia. Ada ya mdogo wangu nimeiweka kando, hiyo haiguswi.

Mwanao